Kuhamia Lushoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepima kuacha Dar es Salaam, Tanga, Arusha au ng'ambo akaishi Lushoto mjini au kwenye vijiji vya karibu: Soni, Irente, Magamba, Migambo, Shume, Lukozi, Mlalo, Mtae. Maswali yana namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine. Mwenye haraka asome la 3, la 9 na la 12. Hayo ndiyo yanayowagharimu wengi.

## Mambo ya msingi

1. Lushoto iko wapi hasa, na njia yake ikoje?

Iko kwenye milima ya Usambara Magharibi, mkoa wa Tanga. Ukitoka Segera kuelekea Moshi unaacha barabara kuu pale Mombo, kisha unapanda kilomita 33 za lami nyembamba kupitia Soni. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi, kwa hiyo ndani ya saa moja unapanda karibu mita 1,000. Yapo mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ukilikosa, shukia Mombo uchukue Noah, Hiace au Coaster.

Mwenye gari lake ajue kwamba hatari ipo wakati wa kushuka. Dereva asiyeizoea milima hushuka kwa gia kubwa huku amekanyaga breki mfululizo, breki zinapata moto na kabla ya kufika Mombo hazishiki tena. Shuka na gia ya pili au ya tatu, breki iwe ya kugusa na kuachia. Piga honi kwenye kona usizoziona. Wakati wa masika mawe na udongo huporomoka barabarani kati ya Mombo na Soni, na mara nyingine njia hufungwa hadi kifusi kiondolewe. Usipange safari ya ndege au ya mahakamani asubuhi ya siku ileile unayoteremka mlima.

2. Mjini kuna nini, na nini hakuna?

Ni makao makuu ya wilaya, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kuna soko, benki, hospitali ya wilaya, mahakama, kituo cha mafuta, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, misikiti, makanisa na makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT. Mboga na matunda ni tele: kabichi, karoti, hoho, viazi, plamu, peasi, pichesi.

Vinavyokosekana ni madaktari bingwa wa fani nyingi, vipuri vya magari yasiyo ya kawaida, na vifaa vya ujenzi vya kuchagua. Kwa hayo watu hushuka Korogwe, Tanga au Moshi. Kama maisha yako yanadai mojawapo ya vitu hivyo kila wiki, weka nauli ya safari hizo kwenye bajeti tangu sasa.

3. Nije kuangalia mwezi gani?

Njoo mara mbili: mwishoni mwa Aprili au Mei, na tena Julai. Wengi huja Desemba au Februari, wakati anga liko wazi na mandhari ya Irente yanaonyesha hadi nyika ya Wamaasai huko chini, wakaamua palepale. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo inayokuonyesha njia isiyopitika, chemchemi inayogeuka tope, paa linalovuja na kiwanja kinachoteremka. Julai inakuonyesha kipupwe: ukungu hadi saa tano asubuhi, nguo zisizokauka, na jioni ambayo kila mtu yuko ndani saa moja.

Ushauri wetu kwa kila anayeuliza ni mmoja: panga nyumba kwanza, ukae masika moja na kipupwe kimoja, ndipo uongee na mtu habari za kununua ardhi. Kodi ya mwaka mmoja ni hasara ndogo ukiilinganisha na nyumba uliyoijenga mahali usipoweza kuishi.

4. Baridi yake ni ya kiasi gani?

Mjini, usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na Magamba au Shume ambako ni juu zaidi hushuka kupita hapo. Kwa vipimo vya Ulaya si baridi kali, ila nyumba hazina vipasha joto, madirisha yana mianya na sakafu ni ya saruji tupu. Ndiyo maana mtu aliyetoka Toronto anatetemeka Lushoto. Andaa mablanketi mawili mazito kwa kila kitanda, soksi, sweta, na zulia au mkeka chini.

Jikoni pia utaona tofauti. Kwenye mita 1,400 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage yanachukua muda mrefu zaidi kuliko pwani. Yaloweke usiku kucha au nunua sufuria ya presha.

5. Nikae mjini au kijijini?

Mwenye watoto wa shule, mgonjwa nyumbani, au kazi ya intaneti aanze mjini au kando yake. Soni iko karibu zaidi na barabara kuu, na iko chini kidogo, hivyo baridi yake ni nafuu. Irente na Magamba zinafaa kwa anayetaka utulivu bila kuwa mbali na soko. Magamba ni baridi na ukungu mwingi, nayo inapakana na msitu. Lukozi na Shume ni nchi ya mboga na viazi, kuna pilikapilika za malori na biashara. Mlalo na Mtae ni mbali: mandhari ya Mtae hayana mfano, lakini ukiugua usiku safari ni ndefu na ya kona tupu.

## Nyumba ya kupanga

6. Nitapataje nyumba, na nikague nini?

Dalali wapo, ila nyumba nyingi nzuri hupatikana kwa kuulizia: mwenyekiti wa kitongoji, walimu, watumishi wa halmashauri, wazee wa kanisa au msikiti. Mwenye nyumba mara nyingi ataomba kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Kwenye mkataba andikeni nani anatengeneza paa, maana hilo ndilo litakaloharibika.

Unapokagua, fungua kabati na usogeze kitanda kilichogusa ukuta. Harufu ya kuvu au madoa meusi kwenye pembe ni dalili ya ukuta unaonyonya maji. Kaa sebuleni saa kumi jioni uone kama jua bado linaingia. Nyumba iliyo nyuma ya kilima hukosa jua mapema na haikauki kamwe. Fungua bomba na uulize jirani, usimuulize mwenye nyumba, maji hutoka siku zipi. Piga simu ukiwa chumbani (tazama la 16).

7. Kuvu kwenye nguo, vitabu na kuta: nifanyeje?

Fungua madirisha kati ya saa tano na saa tisa, wakati hewa ni kavu zaidi, uyafunge kabla ukungu haujarudi. Kabati lisiguse ukuta, liachie nafasi ya sentimita 10. Usianike nguo mbichi chumbani unamolala. Viatu vya ngozi na vyeti viwekwe kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko. Kuta futa kwa maji ya jiki, ukishazikausha ndipo upake rangi. Ukipaka juu ya kuvu hai, hurudi mvua ya kwanza.

8. Naweza kuota moto ndani kwa jiko la mkaa?

Usifanye hivyo chumbani, hata kwa dakika chache kabla ya kulala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini wakiwa hawajasikia lolote. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Nyumba za zamani zenye mahali pa moto na bomba la moshi zinafaa, mradi bomba limesafishwa na linavuta: choma karatasi moja uone moshi unakwenda wapi. Vinginevyo tumia chupa ya maji ya moto kitandani.

## Ardhi

9. Nikitaka kununua, hatua ni zipi?

Jua kwanza ni ardhi ya aina gani, kwa sababu njia zinaachana hapo. Kiwanja kilichopimwa mjini kiko chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, na hati yake huwa ya miaka 33, 66 au 99. Shamba la kijijini liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, na karatasi yake ni hati ya haki miliki ya kimila inayotolewa na kijiji. Aina ya tatu ni ardhi ya hifadhi, ambayo haiuzwi hata kama anayekuuzia ameilima tangu utoto.

Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata kishika uchumba, ili ujue jina lililosajiliwa, kama kuna mkopo juu yake na kama kuna zuio la mahakama. Kisha mlete mpimaji ahakikishe mawe ya mipaka.

Kwa ardhi ya kijiji, anza na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti. Sheria haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi au kutoa haki ya kimila bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali, kwa hiyo karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti peke yake ni dhaifu. Omba uone muhtasari wa mkutano. Tembea mpaka mzima mchana, pamoja na majirani wa pande zote, mkihakiki masale, mawe au mti wa mpaka, na kila jirani aweke sahihi kwenye mchoro. Jirani akikataa kuja, simamisha ununuzi.

Mkataba uandikwe kwa wakili, malipo yapitie benki, na kila ada ya serikali ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na upewe risiti. Mwenza wa muuzaji naye asaini, kwa sababu nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa yake.

10. Kwa nini watu huonya sana kuhusu shamba la ukoo?

Kwa sababu wilaya imejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 katika wilaya, Bumbuli ikiwa ndani yake, na familia nyingi zinalima vipande vya robo au nusu ekari vilivyotawanyika. Kipande kimoja kinaweza kuwa na ndugu sita wenye haki, wawili wako Dar na mmoja Mombasa. Anayekuuzia anaweza kuwa mkweli kabisa kwamba analilima yeye, huku si la kwake peke yake.

Omba kikao cha familia. Majina ya ndugu wote wa baba yaandikwe, walio mbali wapigiwe simu mbele ya mashahidi na watume ridhaa ya maandishi. Ikiwa mwenye shamba amefariki, omba barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Mgogoro ukitokea huanzia baraza la ardhi la kijiji, halafu la kata, halafu la wilaya, na miaka inapita huku hujaweka tofali.

11. Mimi si raia wa Tanzania. Naweza kununua?

Asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Usikubali mpango wa kuandikisha kwa jina la rafiki au mpenzi: kisheria ardhi ni yake, na huna pa kudai. Kupanga nyumba unaweza, ukiwa na kibali cha ukaazi kinacholingana na unachofanya. Watanzania wa asili wenye uraia wa nchi nyingine wapite Uhamiaji na Wizara ya Ardhi wenyewe kabla ya kulipa, maana utaratibu wao hauko sawa na wa mgeni wa kawaida.

## Kujenga

12. Kiwanja kiko kwenye mteremko. Kuna shida?

Karibu kila kiwanja Lushoto kiko kwenye mteremko, na hapa ndipo fundi wa pwani anapokosea. Anachonga kilima apate sehemu tambarare, anamwaga udongo upande wa chini, kisha nusu ya nyumba inakaa juu ya udongo mgumu na nusu juu ya kifusi. Masika ya kwanza kifusi kinatitia, na ufa unatokea katikati ya sebule.

Msingi wote ukae kwenye udongo ambao haujawahi kuhamishwa. Upande wa bonde hilo linamaanisha msingi wa mawe mrefu zaidi, au ngazi za msingi, na gharama yake inaweza kuzidi ya kuta zenyewe. Ikubali au tafuta kiwanja kingine.

Ukuta wa udongo uliochongwa nyuma ya nyumba usizidi mita 1.5 bila kujengewa kinga ya mawe, na uache angalau mita 2 kati yake na nyumba. Nyuma ya kinga jaza kokoto, na ndani ya ukuta pitisha mabomba ya milimita 50 kila mita 1.5 ili maji yatoke. Kinga isiyo na matundu husukumwa na maji hadi ikaanguka nzima. Kinga yenye urefu unaozidi mita 2 ihesabiwe na mhandisi.

Juu ya kiwanja chimba mfereji wa kukinga maji, kina cha sentimita 40 hadi 50, wenye mwinamo mdogo sana: tone la sentimita 50 hadi 100 kwa kila mita 100. Ukiwa mkali zaidi ya hapo, mfereji wenyewe unageuka korongo. Maji yake yapelekwe kwenye mkondo wa asili au penye nyasi. Ukiyaelekeza kwa jirani wa chini umeanza ugomvi ambao ni haki yake kuushinda. Kingo zipandwe majani ya Gwatemala, ambayo ni lishe ya ng'ombe pia.

Kabla ya kununua, tafuta dalili za ardhi inayotembea: miti iliyopinda shina chini kisha ikanyooka, nguzo za umeme zilizolala, nyufa za nusu mwezi kwenye nyasi, maji yanayochuruzika katikati ya mteremko. Ukiona mbili kati ya hizo, ondoka.

13. Na mto au chemchemi ndani ya kiwanja?

Inavutia, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye kiwanja kidogo mita 60 zinaweza kumeza chote. Choo na shimo la maji taka viwe chini ya chanzo cha maji na mbali nacho angalau mita 30. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwani inanyonya maji mengi na majirani wanalijua hilo vizuri.

## Maji, umeme, simu

14. Maji yanatosha?

Kwa mwaka mzima yapo, lakini bomba lina ratiba, na wakati wa masika yanakuja na udongo. Mji una huduma yake ya maji. Vijijini vyombo vya watumia maji vinavyosimamiwa na RUWASA, wakala wa maji vijijini, huendesha miradi ya mserereko kutoka chemchemi, na mwezi Januari na Februari baadhi hupungua.

Tangi liwe la lita 5,000. Familia ya watu wanne wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku humaliza lita 160, hivyo tangi linakaa mwezi. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 10 hutoa lita 600, na ukitoa kinachopotea unakinga kama 480. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage lita 60 hivi kabla ya kuingiza tangini, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya tope yaache yatulie usiku kucha, yachuje kwa kitambaa, ndipo uyachemshe. Dawa ya klorini ikitiwa kwenye tope inaisha nguvu kabla ya kufanya kazi.

15. Umeme unakatika sana?

Hukatika zaidi siku za upepo na mvua, miti inapoangukia nyaya. Mita ni za LUKU, na nyumba iliyo mbali na nguzo hudai nguzo za ziada, kwa hiyo omba makadirio ya TANESCO kabla ya kununua kiwanja. Anayetegemea sola asikadirie kwa jua la Dar: Julai kuna siku kadhaa mfululizo za ukungu, na betri iwe ya kukutosha siku tatu bila kuchaji.

16. Naweza kufanya kazi ya mtandaoni?

Mjini ndiyo. Mabondeni mnara unazibwa na kilima, na umbali wa mita 200 unabadilisha kila kitu. Nunua laini za kampuni mbili, ukae ndani ya nyumba unayoitaka saa mbili usiku, wakati watu wote wako mtandaoni, upige simu ya video dakika 30. Ukipata mawimbi uani tu, hujapata.

## Riziki na kilimo

17. Nikilima mboga au viazi nitaishi?

Wengi hujaribu na ekari moja ya kukodi, na wengi hupoteza mtaji wa msimu wa kwanza. Chukua viazi. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ekari inaingia mashimo kama 18,000, na mbegu ya gramu 50 kila moja ni kilo 900. Hapo bado mbolea, dawa na vibarua. Ukungu wa Lushoto ndio hasa unaopendwa na ugonjwa wa bakajani chelewa: siku tatu za unyevunyevu bila dawa ya kinga na majani yanakuwa meusi shamba zima. Piga dawa kabla ya dalili, ubadilishe aina ya kiambato ili ugonjwa usizoee. Usipande viazi palipotoka nyanya au hoho, mnyauko bakteria unabaki udongoni. Nyanya nazo zina kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda.

Ukivuna vizuri linabaki soko. Mzigo unashuka kwa fuso kwenda Dar, Tanga na kwingine, na bei inaamuliwa na wingi uliofika siku ile. Dalali wa shambani atataka gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo. Vipimo hivyo ni kinyume cha sheria, uza kwa kilo. Kabichi haingoji, ikiiva na bei imeanguka utaiuza kwa hasara. Kwa hiyo anza na robo ekari, na uwe na kipato kingine cha miezi sita. Parachichi za kubebeshwa na matunda ya baridi yanahitaji subira zaidi, miaka mitatu au minne kabla ya kuona pesa, lakini yanashika udongo.

18. Kazi nyingine je?

Ajira rasmi ni za halmashauri, shule, hospitali, mahakama na taasisi za dini, na nyingi hutangazwa kitaifa. Kwa mwenye ujuzi wa mikono kuna uhitaji wa kweli wa fundi bomba, fundi umeme na fundi friji wanaokuja siku waliyosema. Utalii upo lakini ni mdogo na wa msimu. Nyumba ya wageni pekee haitalisha familia mwaka wa kwanza.

## Afya na watoto

19. Nikiugua usiku?

Hospitali ya wilaya iko mjini, na ipo ya KKKT huko Bumbuli. Kesi kubwa hupelekwa Bombo mjini Tanga au KCMC Moshi, safari ya saa kadhaa inayoanza kwa kushuka mlima. Mwenye mimba yenye matatizo ashuke wiki tatu au nne kabla ya tarehe, akae kwa ndugu karibu na hospitali kubwa. Weka namba za madereva wawili wanaokubali safari ya usiku, na ukubaliane nao bei mapema. Uliza kituo chako kinapokea bima gani.

20. Ni kweli hakuna malaria? Na ile tauni?

Malaria ni chache juu kuliko Mombo, lakini ipo, na watoto waliokulia juu hawana kinga ya mwili ya watoto wa bondeni. Endelea kulalia chandarua, na homa yoyote baada ya kushuka Mombo, Korogwe au Tanga ipimwe siku hiyohiyo.

Tauni iliwasumbua watu wa vijiji kadhaa vya Lushoto kuanzia 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Inaletwa na viroboto wa panya. Usihifadhi mahindi chumbani unamolala, lala kitandani badala ya chini, na ukiona panya wengi wamekufa bila sumu usiwaguse kwa mkono, toa taarifa zahanati. Homa kali pamoja na uvimbe wa mtoki ni ya kukimbizwa hospitali. Antibiotiki inaitibu ikiwahiwa.

21. Shule zikoje?

Za msingi ziko karibu kila kijiji, ila mtoto anaweza kupanda na kushuka kilima saa nzima kila upande, kwa hiyo tembea njia hiyo mwenyewe siku ya mvua. Kwa sekondari za bweni wilaya ina jina zuri, hasa za wasichana kama Kifungilo na St. Mary's Mazinde Juu, ambako watoto huja kutoka mikoa mingine na nafasi hugombewa. Omba mapema.

## Msitu na majirani

22. Msitu uko jirani. Naweza kuokota kuni, kukata mti, kutembea?

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na jirani yake upo msitu wa kupandwa wa Shume, wa misonobari na miti ya mbao. Kuingia Magamba kutembea kuna kiingilio. Kuni kavu zina utaratibu wake kwa kila eneo, muulize afisa wa TFS, usifuate tu watu wanaopita. Kukata mti mbichi, kuchoma mkaa na kuchimba udongo ndani ya hifadhi ni kosa. Hata mti ulio shambani kwako unaweza kuhitaji kibali kabla ya kupasuliwa mbao. Mkulo hasa, mti wa asili wa mbao, usiuguse bila karatasi.

Pembezoni mwa msitu kima na nguruwe pori hula mahindi na viazi. Panda chai, au mazao wasiyoyapenda, kwenye mstari wa karibu na miti, na mahindi yakae karibu na nyumba. Kiangazi usichome majani ya shamba upande wa msitu.

23. Wenyeji wanapokeaje wageni?

Wasambaa wamezoea wageni na kila mtu anazungumza Kiswahili, lakini jifunze salamu za Kisambaa wiki ya kwanza. Mzee akisalimiwa kwa lugha yake mazungumzo yanakuwa mengine. Mkubwa mpe shikamoo hata kama humjui. Nenda na barua ya utambulisho ya ulikotoka, ujiandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Msiba wa jirani unahudhuriwa, na anayekosa misiba mitatu hapati msaada gari lake likikwama.

Jambo moja la historia lifahamike. Kuanzia 1946 serikali ya kikoloni ililazimisha matuta kwenye bonde la Mlalo, na watu wakaupinga mpango huo hadi ukaangushwa. Hifadhi ya udongo ilikubalika baadaye, pale wakulima waliposhirikishwa na kuona faida ya majani ya mifugo na fanya juu, yaani matuta ya kutupia udongo upande wa juu. Mgeni anayekuja kuwafundisha majirani namna ya kulima, kabla hajavuna hata mara moja, anagusa kidonda hicho.

## Hali zisizo za kawaida

24. Ni mstaafu mwenye presha na magoti mabovu. Panafaa?

Urefu wa mita 1,400 peke yake si tatizo kwa wengi wenye presha iliyodhibitiwa, ila mwulize daktari wako. Magoti ndiyo yenye kesi: ngazi, vilima na baridi kila siku. Tafuta nyumba gari linapofika mlangoni, sakafu moja, na dawa za miezi miwili nyumbani kwa ajili ya siku njia ikifungwa.

25. Ni binti wa ukoo, nimekulia Dar. Naweza kudai sehemu ya baba?

Ndiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Anza kwa kikao cha ukoo ukiwa na shangazi au mjomba anayeheshimika, kisha mirathi mahakamani. Usianze kujenga kabla kipande chako hakijaandikwa. Mantiki ni ileile ya swali la 10.

26. Nataka nyumba ya mapumziko tu, nije mara tatu kwa mwaka.

Nyumba iliyofungwa Lushoto huoza haraka: kuvu, mchwa na mifereji iliyoziba majani. Lazima awepo mtu wa kufungua madirisha kila wiki na kusafisha mifereji kabla ya Machi na Oktoba, kwa mkataba wa maandishi unaosema hana haki ya ardhi. Kama hesabu ya mlinzi na matengenezo inazidi kodi ya nyumba ya wageni kwa wiki zote utakazokuja, afadhali ukodi.

27. Tumeshahamia, mmoja wetu anataka kurudi. Tuuze?

Soko la nyumba ni dogo na linachukua muda, hasa kijijini, ambako mnunuzi pia anapitia hatua zote za swali la 9. Pangisheni kwanza kwa mwaka. Watumishi wanaohamishiwa wilayani hutafuta nyumba zenye maji na choo cha ndani, na wengi wao huulizia kupitia idara ya utumishi ya halmashauri, kwa hiyo pelekeni taarifa zenu hapo.